Kumpanga mjanja wa fani mbili kabla ya kutupa dadu

Mtu akija mezani kwangu kucheza mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu, akisema anataka mhusika mjanja aliyechanganywa na mpiganaji, huwa namuuliza jambo moja: ngazi gani ya mpiganaji unaitaka, na utaifikia lini? Wengi hukwama hapo. Wameona video, wamesikia mchanganyiko huo ni moto, wamekuja na jina tu. Jina halimjeruhi adui. Kinachomjeruhi ni kile unachopewa kwenye ngazi fulani, na kila ngazi ya fani ya pili (fani ni aina ya mhusika, kama mjanja au mpiganaji) ni ngazi ya ujanja uliyoikosa.

Mimi ni karani wa hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Kisumu. Mchana kutwa naandika mabati, misumari na madeni ya watu; Jumamosi jioni naendesha mchezo huo, Dungeons & Dragons kwenye chumba cha nyuma cha kinyozi, Kondele. Kwa hivyo mbinu yangu ni ya daftari. Kama tarakimu zinakuchosha, utanivumilia.

Kanuni nitakazotumia ni za toleo la tano, zile za 2014. Zilirekebishwa 2024 na mambo kadhaa ya mjanja yakabadilika, hivyo muulize msimulizi wako, yaani anayeendesha mchezo, anatumia zipi kabla hujaandika lolote. Kama huna pesa za kitabu, usihangaike: Wizards of the Coast, kampuni yenye mchezo, iliachia hati ya kanuni za msingi iitwayo SRD 5.1 kwa leseni ya Creative Commons mwezi Januari 2023. Unaipakua bure, na sehemu ya kuchanganya fani imo. Kasoro yake ni kwamba kila fani imepewa tawi moja tu, yaani njia moja ya kubobea. Mjanja, yaani Rogue, anaye Thief peke yake, na mpiganaji anaye Champion peke yake.

Anza na unachokiacha

Chukua daftari, piga mstari katikati. Upande wa kushoto andika mjanja mtupu, ngazi ya 1 hadi ya 10, na anachopata kila ngazi. Usiruke hatua hii. Ndiyo inayokuonyesha bei.

Mtaji wa mjanja ni pigo la kuvizia. Ngazi ya 1 anaongeza dadu moja ya pande sita kwenye madhara ya pigo, kisha dadu moja zaidi kila ngazi ya witiri: 3, 5, 7, mpaka dadu 10 kwenye ngazi ya 19. Dadu hiyo kwa wastani hutoa 3.5. Pigo linatoka mara moja kwa zamu, na linataka silaha ya kurusha au ile ya wepesi kama upanga mwembamba. Tena lazima uwe na faida, maana yake unatupa dadu ya pande 20 mara mbili na kuchukua kubwa. Au mwenzako awe ndani ya futi 5 za adui, mradi wewe mwenyewe usiwe umewekewa kikwazo.

Ngazi ya 2 anaanza kukimbia, kujichomoa au kujificha kwa kitendo cha ziada, yaani kile kidogo kinachoruhusiwa kwa zamu juu ya kitendo cha kawaida. Ya 3 anachagua tawi. Ya 5 anaweza kukatiza pigo linalomjia na kulipunguza nusu. Ya 6 anapata umahiri maradufu kwenye stadi mbili nyingine. Ya 7 anaweza kutoka katikati ya mpira wa moto bila hata kuungua nywele, akifaulu kutupa dadu ya kujinusuru. Ya 11, kwa aliyejaliwa kufika, hatupi tena chini ya 10 kwenye stadi alizosomea.

Kisha kuna nyongeza za vipimo (nguvu, wepesi, uimara, akili, busara na haiba): ngazi ya 4, 8, 10, 12, 16 na 19. Hapa ndipo watu huumia. Nyongeza hizo zinahesabiwa kwa ngazi za fani, si kwa ngazi za mhusika mzima. Mtu mwenye mjanja 3 na mpiganaji 3 ni mhusika wa ngazi ya 6 ambaye hajapata nyongeza hata moja, huku jirani yake mezani akiwa ameshaongeza vipimo vyake tangu ngazi ya 4. Nyongeza ya ustadi, ile unayoongeza kwenye dadu ya jambo ulilosomea, peke yake ndiyo inayofuata jumla: +2 mpaka ngazi ya 4, +3 kuanzia ya 5, +4 kuanzia ya 9.

Sasa jiulize hadithi yenu itafika wapi. Huku kwetu kundi huvunjika karibu na ngazi ya 8 au ya 9. Mmoja anahamishwa kazi Lodwar, mwingine mitihani ya Maseno imemkaba, wa tatu amepata mtoto. Kutoka ngazi ya 5 (pointi 6,500 za uzoefu) hadi ya 6 (pointi 14,000) ni safari ndefu, na baada ya hapo inazidi kuwa ndefu. Mpango unaoanza kung'aa ngazi ya 14 ni wa kusoma tu, hutaucheza. Panga mpaka 10 na uhakikishe mhusika anafurahisha akiwa 5.

Vipimo huamua unakokwenda

Ili uchanganye, unahitaji angalau 13 katika kipimo kikuu cha fani uliyo nayo na cha ile unayoiendea. Mjanja anadai wepesi 13. Mpiganaji anakubali nguvu au wepesi, ndiyo maana ndiye rahisi kuliko wote. Kuhani anataka busara, mchawi akili, mfunga agano haiba. Msakaji wa nyikani anataka wepesi na busara pamoja.

Tumchukue Nekesa, mhusika niliyemtengeneza kwa ajili ya wageni wanaotaka kujaribu. Anaishi Bandari ya Florence, mji wetu wa kubuni uliopata jina kutoka Port Florence, jina la zamani la Kisumu wakati reli ilipofika 1901. Kazi yake ni kupitisha magendo usiku chini ya magugu maji, mtumbwi ukiwa umefunikwa magunia ya omena ili askari wa forodha wasitake kusogea karibu.

Nina pointi 27 za kununulia vipimo. Wepesi 15 umekula 9, uimara 14 umekula 7, busara 13 imekula 5, akili 12 imekula 4, haiba 10 imekula 2, nguvu 8 haikulipiwa. Jumla 27, senti hazibaki. Nekesa ni binadamu wa kawaida, kwa hivyo kila kipimo kinapanda kwa 1: wepesi 16, uimara 15, busara 14, akili 13, haiba 11, nguvu 9. Tazama kilichotokea. Mpiganaji, kuhani, msakaji na mchawi wote wanapatikana. Mfunga agano hapana, haiba haitoshi. Uamuzi huo umefanyika kabla ya mchezo kuanza, na ndiyo sababu siamini mtu anayesema ataamua mbele ya safari. Mbele ya safari utachagua kati ya ulivyoacha wazi siku ya kwanza.

Anza mjanja au anza mpiganaji?

Fani ya kwanza inakupa kila kitu. Ya pili inakupa sehemu. Ukianza mjanja unapata stadi nne, vifaa vya kufungulia kufuli, na ustadi wa kujinusuru kwa wepesi na akili. Ukiingia ujanja baadaye unapata stadi moja tu, deraya nyepesi na vile vifaa. Ukianza mpiganaji unapata uhai 10 badala ya 8 kwenye ngazi ya kwanza, deraya nzito, na kujinusuru kwa nguvu na uimara. Mimi humwanzisha mjanja karibu kila mara. Stadi nne ndizo zinazokupa cha kufanya siku ambayo hakuna vita, na kwenye meza yangu siku hizo ni nyingi.

Nekesa basi anakwenda mjanja 1 mpaka 5, moja kwa moja. Sikubali kukatiza kabla ya 5. Pale kuna dadu ya tatu na lile pigo la kupunguzwa nusu, na njiani ameshachukua nyongeza ya ngazi ya 4, wepesi ukawa 18. Kisha mpiganaji 1 na 2. Halafu anarudi ujanja asitoke tena.

Tufanye hesabu tukiwa ngazi ya 7. Mjanja mtupu, kwa upanga mwembamba: dadu ya pande nane 4.5, wepesi 4, kuvizia dadu nne 14. Jumla 22.5 kila anapopata. Nekesa mwenye mjanja 5 na mpiganaji 2, aliyechagua mtindo wa upanga mmoja unaoongeza 2: 4.5, 4, 2, na dadu tatu 10.5. Jumla 21. Pengo ni 1.5. Kwa pengo hilo amepata ngao mkononi, ambayo mtindo huo hauikatazi, pumzi ya kujirudishia uhai kidogo kwa kitendo cha ziada, na ule msukumo wa mpiganaji wa ngazi ya 2 unaompa kitendo kizima cha pili mara moja mpaka apumzike. Bei halisi haiko kwenye pigo. Iko kwenye ngazi ya 6 na ya 7 za ujanja, yaani umahiri wa pili na kule kuponyoka moto, vitakavyomfikia akiwa 8 na 9. Kama msimulizi wako anapenda majoka, fikiria mara mbili.

Msukumo huo watu huutumia vibaya. Wanapiga, wanasukuma, wanapiga tena, halafu wanashangaa kuvizia hakukutoka mara ya pili. Kanuni inasema mara moja kwa zamu. Zamu ya mmoja, si mzunguko wa wote. Kwa hivyo kitendo cha kwanza piga. Kitendo cha pili usipige, tangaza kwamba unajiandaa, kwa mfano, "mwenzangu akimgusa huyu, nami nachoma." Zamu yako inaisha. Mwenzako anapiga kwenye zamu yake, wewe unachoma kwa kitendo chako cha papo, kile cha kujibu nje ya zamu yako, na kwa kuwa ni zamu ya mtu mwingine, kuvizia kunatoka upya. Mapigo mawili ya 21 katika mzunguko mmoja. Kumbuka tu kitendo cha papo ni kimoja. Ukishakitumia kuchoma, mzunguko huo huna tena cha kupunguza pigo linalokuja kwako.

Na mpiganaji wa 3? Champion anapata pigo la kufa mtu kwa 19 na 20, na dadu za kuvizia hurudufishwa. Inasikika tamu. Lakini hata ukiwa na faida, nafasi inapanda kutoka karibu asilimia 10 hadi 19. Asilimia 9 ya dadu nne pamoja na upanga ni kama 1.7 kwa zamu, na ngazi hiyo ingekusogeza karibu na dadu nyingine ya ujanja. Mimi siinunui. Kama msimulizi anakubali vitabu vikubwa vyenye tawi la Battle Master, hapo tunaweza kuongea, kwa sababu lile la kujibu pigo la adui aliyekukosa hukupa kuvizia nje ya zamu yako.

Fani nyingine

Kuhani ngazi 1 ni ya kumchukua kwa sababu ya uchawi ule mdogo wa mwongozo unaoongeza dadu ya pande nne kwenye jaribio la stadi, na wa uponyaji kidogo. Haina mengi ya kueleza. Ni ngazi moja, inafanya kazi, endelea.

Mchawi ngazi 1 watu humtaka kwa ajili ya mnyama wa kuitwa. Bundi anaruka karibu na adui, anamsumbua, anaondoka bila kupigwa, na wewe unapata faida kwa pigo lako la kwanza. Kuvizia hata bila mwenzako kusimama karibu. Fundi mmoja wa simu kwenye kundi letu, mtu wa Kakamega, alifanya hesabu yote, akafika kwenye neno bundi akaweka kalamu chini. "Dada, bundi hapana. Huyo hatatua begani kwangu, hata kwa mchezo. Nipe mwewe." Shida ni kwamba mwewe wa kanuni hana ule uwezo wa kuondoka bila kupigwa, na wanyama hawa wana uhai 1. Tulimalizana hivi: sura ya mwewe, tarakimu za bundi. Mambo ya sura mpe mchezaji bila kubishana. Tarakimu ndizo za kulinda.

Lakini kabla hujatoa ngazi nzima kwa mchawi, tazama tawi la mjanja liitwalo Arcane Trickster. Ngazi ya 3 linakupa uchawi mitatu wa ngazi ya kwanza. Miwili lazima iwe ya kurubuni au ya kiinimacho, wa tatu ni wowote. Huo wa tatu uwe mnyama wako. Hujaacha dadu hata moja. Kila mara uulize hivi: je, tawi la fani niliyo nayo halina kitu hiki tayari? Mara nyingi kipo.

Mfunga agano, yaani Warlock, anataka ngazi 3. Ya 2 ndiyo macho ya kuona katika giza lolote, hata la uchawi. Ya 3 ndiyo nafasi ya kuita giza lenyewe. Ukikaa ndani ya giza hilo wewe unaona, adui haoni, faida unayo kila pigo. Peke yako unatisha. Tatizo ni kwamba giza lina upana wa futi 15 kila upande na wenzako nao hawaoni. Usimpange huyu bila kuongea na kundi zima, na mpiga mishale muulize wa kwanza.

Anayenifurahisha kuliko wote ni yule ambaye watu hudhani ni utani: mjanja na mpiganaji wa ghadhabu, Barbarian. Upanga mwembamba unaruhusiwa kutumiwa kwa nguvu badala ya wepesi, na bado unahesabiwa silaha ya kuvizia. Ghadhabu ngazi ya 2 inakuruhusu kujirusha bila tahadhari: mapigo yako yote ya nguvu yana faida zamu hiyo, na adui naye anapata faida dhidi yako mpaka zamu yako ijayo. Mwache apate. Ukiwa umekasirika mapigo ya silaha yanakatwa nusu, na ujanja wa ngazi ya 5 unakata pigo moja nusu kabla ya hapo. Pigo la 24 linakuwa 12, kisha 6. Bei yake ni nguvu 13 na wepesi 13 kwa kanuni, ila kwa kweli unataka nguvu 16, kwa hivyo Nekesa wetu hawezi. Huyu unamjenga tangu mwanzo, na mwanzishe kwenye ghadhabu ili apate deraya ya kati.

Kitendo cha ziada

Kitu kimoja hakionekani kwenye safu za daftari. Kitendo cha ziada ni kama kiti cha mbele cha matatu ya Kondele: kimoja, na kila mtu anakitaka. Kukimbia na kujificha kwa mjanja kunakitumia. Kisu cha mkono wa pili kinakitumia. Alama ya uwindaji ya msakaji inakitumia, na kukasirika pia, na pumzi ya mpiganaji pia. Andika pembeni ya kila uwezo unaonunua kama unakula kitendo hicho. Ukiona vitatu au vinne, ondoa kimoja, kwa sababu vitani utakuwa unatumia kimoja na kusikitikia vingine.

Kisu cha pili nakitetea hata hivyo. Kama nafasi yako ya kupata ni asilimia 65, kupiga mara mbili kunaifanya karibu 88 kwamba kuvizia kutatoka angalau kwa moja. Hiyo ni faida kubwa kwa mjanja asiye na fani ya pili, na haigharimu ngazi yoyote. Ila huwezi kushika ngao na kisu kwa mkono mmoja, chagua.

Ukurasa wa mwisho wa daftari

Ukimaliza, upande wa kulia wa mstari uwe na mpango wako, ngazi ya 1 hadi ya 10. Kila mstari uonyeshe ngazi za fani zote mbili, dadu za kuvizia, nyongeza za vipimo ulizopata, na kipya kilichoingia. Ukikuta mistari miwili inayofuatana isiyo na kipya unachokifurahia, panga upya.

Kisha mpelekee msimulizi kabla ya siku ya kwanza, asije akashangaa ngazi ya 6. Mimi hudai sentensi moja ya hadithi kwa kila fani mpya. Nekesa alikamatwa na forodha, akapewa achague kati ya selo na doria, akafundishwa ngao na yule yule askari aliyemkamata. Inatosha, sihitaji kurasa tano. Na sentensi hiyo inanipa kazi mimi pia: askari huyo sasa ana jina, ana deni, na siku moja atamtaka Nekesa aamue yuko upande gani.

Mpango si kiapo. Kundi likipoteza mponyaji wake ngazi ya 5, badilisha mpiganaji 1 uweke kuhani 1. Busara 14 unayo, uliinunua. Usibadilishe kwa sababu umeona video nyingine usiku wa kuamkia mchezo. Njoo na kalamu ya risasi, dadu zako, na tochi, maana stima ya huku haina ratiba.